Kampuni binafsi za bima zina kazi gani chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma nchini Kenya?

Mwajiriwa, Nakuru: Ndugu zangu, tangu Oktoba 2024 ninakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wangu kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii, na bado mwajiri ananilipia bima ya kampuni binafsi. Ikiwa kila Mkenya anatakiwa kuchangia mfuko mmoja, kampuni hizi zimebaki na kazi gani?

Mhasibu: Sheria ya mwaka 2023 iliyoanzisha SHA haikuziondoa. Mchango wa SHA ni wa lazima, nayo bima binafsi ni nyongeza: hulipia gharama zinazozidi kiwango cha mfuko wa umma. Usiiache.

Muuguzi: Nyongeza haina ubaya, mradi isigeuke kuwa mlango wa wenye nacho peke yao. Uholanzi, tangu 2006, hata bima ya msingi huendeshwa na kampuni binafsi, lakini sheria inazizuia kumkataa mwombaji au kumtoza zaidi kwa sababu ya umri au ugonjwa, na kampuni yenye wagonjwa wengi hufidiwa kutoka mfuko wa pamoja. Bila masharti hayo, kampuni hushindana kumkwepa mgonjwa badala ya kushindana kumhudumia vizuri.

Mwajiriwa, Nakuru: Nashukuru, dada. Hapo ndipo penye uchungu wangu, kwa kuwa mama yangu, mwenye miaka 74 na kisukari, alikataliwa na kampuni mbili, na leo anategemea SHA pekee.

Muuguzi: Pole sana. Hakikisha basi kwamba mchango wake wa mwaka umelipwa kabla hajalazwa.