Yule bwana wa mashua ya manjano pale Dunga amepiga honi mbele ya ndege tuliyemngojea asubuhi nzima

Mtoto wa Ghuba ameanzisha uzi:

Ninaandika nikiwa bado na matope viatuni, kwa sababu nikingoja hasira ipoe nitaanza kumtafutia mtu yule visingizio, naye hastahili hata kimoja. Jina lake sitalitaja, wala hakuna haja, kwani yeyote aliyewahi kushuka Dunga, ufuo wa Ziwa Viktoria hapa Kisumu, kutafuta mashua anamjua: ni yule mwenye mashua ya manjano, spika mbili kubwa kuliko injini, na sauti ambayo akiitoa ufuoni husikika hadi Homa Bay.

Tulipatana tangu jana, mbele ya watu, kwamba tungeondoka saa kumi na mbili alfajiri, kwamba injini ingezimwa mara tu tukikaribia kinamasi, na kwamba kutoka hapo angetumia makasia. Nilimweleza sababu bila kumficha chochote. Baba yangu, ambaye ni mzee wa miaka mingi na amekulia ukingoni mwa Ghuba ya Winam, alitaka kumwona tena gonoleki wa mafunjo, yule ndege mwenye kifua chekundu kilichokolea, mgongo mweusi na utosi wa manjano. Ndege huyu hafuati miti ya bustanini. Maisha yake yamo ndani ya mafunjo, na mafunjo yakikatwa au kuchomwa ili watu walime, naye hutoweka. Mtu humsikia mara nyingi kabla ya kumwona, kwa maana dume na jike huitikiana ndani kabisa ya mabua, na wakitoka ukingoni hutoka kwa muda mfupi tu.

Basi tukangoja. Mdiria walikuwa wakisimama hewani juu ya maji kwa mapigo ya mabawa, na fundichuma mmoja alikuwa akipekua tope, lakini baba hakuwajali. Tulisikia wito, tukasikia jibu, kisha bua likatikisika, na ndege akatoka na kutua mahali peupe, kifua kikiwa kimeelekea kwetu. Baba ndiyo kwanza alikuwa anainua darubini. Hapo ndipo yule bwana alipobonyeza honi. Sisemi kwamba aliigusa kwa bahati mbaya. Aliibonyeza na kuishikilia, honi ya lori aliyoifunga kwenye mashua ya watu kumi, kwa sababu alimwona rafiki yake akipita mbali na alitaka kumsalimia. Nina hakika samaki wa upande wa Uganda waliamka. Ndege alizama ndani ya mafunjo, na kila kilichokuwa na mabawa kutoka pale hadi Hippo Point kikaruka.

Nilipomkabili hakusema hata pole. Alimtazama baba yangu usoni akamwambia, "Mzee, ndege ni ndege. Ukitaka kuwaona karibu, nenda soko la Kibuye, kuku wamejaa." Kisha akawasha spika. Amemwambia mzee wa watu aende akatazame kuku! Nimejaribu kuyapanga mengine aliyotukosea, kama vile kuchelewa, mashua kuvuja, na jaketi za kujiokolea kufukiwa chini ya kreti za soda, lakini kila nikianza narudi pale pale: ndege ametoka, darubini inainuka, honi.

Mtu asiyeweza kunyamaza kwa muda wa kumtazama ndege mmoja asiruhusiwe kupeleka watu kinamasini.

Binti Nyalenda ameandika:

Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mzee salamu zetu. Huyo huyo alitusogeza karibu na kiboko mwenye mtoto hadi nikaweza kuzihesabu ndevu zake, na nilipomsihi arudi nyuma alinicheka akasema kwamba viboko wote wa Dunga wanamfahamu kwa jina. Kiboko mwenye mtoto hamfahamu mtu yeyote! Kila mvuvi wa ufuo huu anajua kwamba mnyama huyo huweza kupindua mashua kwa mgongo, na ndiyo sababu wavuvi wenyewe humzungukia kwa mbali. Honi hiyo ninaijua. Wanangu waliposikia honi ya lori barabarani wiki nzima iliyofuata walikuwa wakikimbilia chini ya meza.

Mkaaji wa Milimani ameandika:

Ufuo mzima una mashua, na wewe ukamchagua yule ambaye, kwa maneno yako mwenyewe, kila mtu anamjua. Sasa unatuletea kilio cha kurasa mbili kwa ajili ya ndege ambaye bado yuko hai na pengine wakati huu anakula wadudu wake kwa amani. Ningekuwa mimi, ningempeleka baba akale ngege wa kukaanga kwenye vibanda vya pale pale ufuoni, na siku ingekuwa imepona.

Mtoto wa Ghuba ameandika:

Ndugu wa Milimani, mwelekezi tuliyemzoea, yule anayewajua ndege wote kwa sauti, alikuwa amekwenda mazishini Bondo, na mzee alikuwa anasafiri mchana. Samaki tulikula, wala hakuna aliyelalamikia samaki. Ninalalamikia honi. Ndege alikuwa ametoka mwenyewe, bila kuitwa, akiwa karibu kiasi kwamba utosi wake ulionekana kwa macho matupu, na baba hakuwahi hata kuiweka darubini sawa. Unaniambia ndege yuko hai? Ninajua yuko hai! Yuko hai ndani ya mafunjo, ambako hakuna anayeweza kumwona!

Mwenyeji wa Naka ameandika:

Ninawahurumia, lakini ninyi watu wa Kisumu mnalia kwa ndege mmoja, na sisi huku Nakuru tunawatazama madereva wakiyafurusha makundi mazima. Kuna mmoja mwenye gari la kijivu, sote hapa mjini tunamfahamu, ambaye kazi yake ni kugonga mlango wa gari kwa kiganja ili heroe, yaani flamingo, waruke pamoja na wageni wapate picha. Heroe mdogo hula kwa kuchuja vijimea vidogo sana majini, na hana budi kula kwa saa nyingi ili ashibe, kwa hiyo kila akirushwa amenyang'anywa chakula mdomoni.

Kisha dereva huyo huyo huwaahidi wageni ufuo wa waridi kama ule wa kwenye kalenda za zamani, ilhali anajua vyema kwamba maji ya Ziwa Nakuru yamepanda tangu miaka ya 2010 hadi yakameza barabara za ukingoni na lango la zamani. Maji yakiongezeka magadi hupungua nguvu, vijimea hupungua, na heroe wengi huhamia Bogoria na Elementaita. Wageni wakikosa ule waridi, huwaambia kwamba ndege wamelala! Ziwa hili liko katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, tangu mwaka 1990, la kwanza katika Kenya nzima, na leo linasimuliwa na mtu anayesema heroe hulala mchana.

Mkulima wa Kitale ameandika:

Angalau ninyi mna magari na mashua za kulaumu. Saiwa, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, ni ndogo sana na hakuna gari linaloingia; mtu hutembea kwa miguu, hupanda jukwaa la mbao, hunyamaza. Basi wiki iliyopita walipanda vijana wakaanza kupigiana simu za video. Nzohe ni paa wa majini, mwenye kwato ndefu za kutembelea juu ya tope laini, na akishtuka huweza kujizamisha akaacha pua tu juu. Nilimngojea tangu umande haujakauka. Alipotoka, kijana mmoja akapaza sauti, "Mama, ninaona mbuzi!"

Binti Nyalenda ameandika:

Mbuzi! Afadhali kuku wa Kibuye.

Mwenyeji wa Naka ameandika:

Mkulima, kelele za vijana hupita. Nenda Elementaita uone droni. Mwari weupe hutaga kwenye visiwa vya mawe kule, na droni ikishuka juu yao wazazi huinuka wote, mayai na makinda yakabaki juani. Ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, limo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2011, lakini mwenye droni alinijibu kwamba anga halina mwenyewe.

Mtoto wa Ghuba ameandika:

Jamani, ninawaomba turejee kwenye honi.

Mjukuu wa Yimbo ameandika:

Kabla hamjarejea, nisikilizeni kuhusu Kanyaboli. Ziwa hilo limezungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala, na ndani yake bado yumo ngege wa asili ambaye katika Ziwa Viktoria ametoweka karibu kabisa, baada ya kuletwa mbuta na aina nyingine za ngege katikati ya karne iliyopita. Watu huja kutoka mbali kupiga makasia na kutazama ndege, na wakiondoka huacha chupa za plastiki zimening'inia kwenye mabua. Jumapili iliyopita niliona chupa ndani ya kiota. Wenye chupa tunawajua, huja na basi lenye mistari ya kijani, nao hujiita wapenzi wa mazingira.

Mkulima wa Kitale ameandika:

Basi hilo lilifika Saiwa pia! Ndilo lililowaleta wale vijana wa simu.

Mwenyeji wa Naka ameandika:

Mistari ya kijani, na dereva mwenye miwani? Lilikuwa Nakuru mwezi uliopita, abiria wakiwarushia nyani mikate madirishani. Sasa nyani hao wanafungua milango ya magari wenyewe.

Mkaaji wa Milimani ameandika:

Mkulima, kule Saiwa ni lazima mtu alale Kitale ili awahi nzohe alfajiri, au naweza kutoka Kisumu usiku na kufika kabla ya umande kukauka? Jumamosi nina gari na nafasi mbili.