Benki imethamini nyumba chini ya bei tuliyopatana, namrudiaje muuzaji?

Mama Nasra
Habari zenu wadau. Mimi na mume wangu tumepata nyumba Goba, vyumba vitatu na viwili vya uani, muuzaji ni mzee mmoja mstaarabu sana, alianza na 185m tukabembelezana hadi 170m. Benki yetu inakopesha asilimia 80 kwahiyo tulishajipanga, sisi 34m wao 136m. Sasa mthamini kaenda, ripoti imerudi thamani ya soko ni 140m, maana yake benki watatoa 112m tu. Hizo 24m za katikati sina pa kuzitoa jamani. Dalali anasema mthamini hajui bei za Goba, nikope kwa ndugu nimalizie kuna mteja mwingine yuko na keshi mkononi. Bado sijatoa hata mia. Niende kwa mzee nimwambie nini asione namdharau?

Kibwana_77
Pole dada. Huyo dalali analipwa kwa asilimia ya bei, ikishuka na chake kinashuka, usimfanye ndio mshauri wako. Na hela za ndugu usiguse kabisa.

Mpimaji mstaafu
Mama Nasra, ripoti yenyewe umeisoma au umeambiwa namba tu? Gharama ya mthamini si umelipa wewe, basi omba kopi. Humo utakuta thamani mbili, ya soko na ile ya kuuza kwa haraka ambayo benki wanaiangalia siku ukishindwa marejesho, hiyo ya pili usiende nayo kwa mzee utamuudhi bure. Angalia ukubwa wa kiwanja walioandika na maelezo ya majengo. Tofauti ya 30m mara nyingi ina sababu yake, na hiyo sababu ndiyo ya kwenda kuongelea.

Mama Nasra
Mzee wangu asante sana, nimeipata leo. Hati inasema mita za mraba 600 lakini ukuta umezunguka kama 720, zilizozidi ziko upande wa barabara! Na vile vyumba vya uani vimesimama huko huko. Mthamini hajavihesabu kabisa.

Mpimaji mstaafu
Basi hajakosea. Hiyo ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, wenzetu wa Kimara mwaka 2017 tuliona walivyovunjiwa kwa sababu hiyo hiyo na fidia hakuna. Mwite mpima ahakiki bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, na utafutaji wa hati pale ofisi ya ardhi, kujua hati ni ya nani na ina deni gani, ufanyike kabla ya kusaini chochote.

Shangazi Tumu
Mwanangu mimi nimeshawahi kuwa muuzaji nikaletewa habari kama hizi na kijana aliyeanza na "benki wamesema nyumba yako haina thamani", nilimfukuza. Nyumba mtu kaijenga tofali kwa tofali miaka kumi. Nenda na mumeo bila dalali, msalimie vizuri, mpe ripoti aisome mwenyewe kwanza, halafu mwambie uwezo wenu ulipoishia. Akija mtu akakwambia muandikishane mikataba ya bei mbili ili benki wadanganyike, kimbia, matatizo yake yatakukuta kwenye kodi na kwenye uhamisho.

Mama Nasra
Wadau nimerudi na mrejesho. Tulienda jumamosi tukakaa naye kibarazani, ripoti akaisoma kimya muda mrefu hadi nikaogopa, kumbe hata yeye ukuta aliukuta hivyo hivyo aliponunua. Kwanza akasema 160m, mume wangu akamwonyesha mahesabu yetu yote bila kuficha, benki 112m na sisi 34m, tukaachana bila jibu. Jana usiku kapiga simu mwenyewe, 148m. Hiyo 2m tunaitoa kwenye kikoba changu. Yule wa keshi hajatokea mpaka leo. Alhamisi mpima anakuja na mzee atakuwepo, bikoni zikikaa sawa ndio tunaenda kwa wakili. Shangazi, nilifanya vile vile ulivyosema.