Miezi 14, na mwenzake wa miaka 4 mwenye pumu: chanjo ya influenza tuwachome au tuache?

MamaWawili_Uyole

Habari zenu wadau. Naomba mwongozo wa wanaoyajua haya mambo. Tuko Uyole, ni Aprili, na baridi ya Juni haiko mbali. Nina wawili: mdogo ana miezi 14, mkubwa ana miaka minne, ana pumu na ameanza chekechea. Zahanati moja binafsi mjini inasema inaweza kuagiza chanjo ya influenza kutoka Dar. Kliniki wananiambia haipo kwenye ratiba. Mama mkwe anasema mafua hayana chanjo, chemsha tangawizi.

Sasa, kama ni ya maana, kwa nini serikali haitoi? Wanachomwa mara ngapi? Hela ikitosha mmoja, naanza na nani? Na nitajuaje kwamba mpaka inafika Mbeya bado ni chanjo na si maji?

NesiWaChanjo

Dada, mpe mama mkwe shikamoo yake, ila hapo amechanganya vitu viwili. Mafua ya kawaida, yale ya kamasi siku nne tano huku mtoto anacheza, yanaletwa na virusi vya aina nyingi, na hayo kweli hayana chanjo. Influenza ni kirusi kingine, kuna A na B. Yenyewe inaingia ghafla: asubuhi mtoto mzima, jioni homa ya 39, mwili unauma hata kubebwa hataki, kikohozi kikavu, na wadogo hutapika au kuharisha juu yake. Kwa macho tu huwezi kuapa kwamba ni yenyewe.

Kwa hiyo usimchanje ukitegemea mwaka huu hatatoa kamasi. Atatoa. Unachonunua ni kupunguza uwezekano wa influenza, na hasa ile ya kulazwa. Mwaka ambao chanjo imelandana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza kwa kama asilimia 40 hadi 60. Isipolandana, inashuka chini ya hapo. Anayekuambia asilimia 100 anakuuzia.

Kutokuwepo kwenye ratiba ya taifa si kwamba ni mbaya. Penta, ile chanjo ya tano kwa moja ya watoto wachanga, unachoma wiki ya 6, 10 na 14, umemaliza. Hii ni kila mwaka kwa kila mtoto, na nchi yenye bajeti finyu huanza na zile zinazookoa wengi zaidi kwa hela hiyo hiyo. Na hapo ndipo pa kuanzia wewe pia: fungua kadi ya kliniki kabla ya kufungua pochi. Penta tatu zipo? PCV tatu zipo? Surua-rubela ya miezi 9 ipo? Penta ina kinga ya Hib ndani yake, na PCV, iliyoingia nchini 2013, ni ya pneumokoka. Hao bakteria wawili ndio wanaoleta nimonia kali kwa watoto, na pneumokoka hupenda kuingia pale influenza ilipokwisha kuchubua njia ya hewa. Kama kuna tundu kwenye kadi, lizibwe kwanza, tena ni bure.

Dozi: chini ya miezi 6 haichomwi kabisa. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 8, mtoto anayechanjwa influenza kwa mara ya kwanza maishani hupewa mbili, zikiachana angalau wiki 4. Kinga hukamilika kama wiki 2 baada ya ya pili. Yaani wiki 6 tangu sindano ya kwanza. Ukianza wiki hii, mwisho wa Mei au Juni mwanzoni uko tayari. Ukianza Juni, umechelewa nusu ya baridi. Mwaka unaofuata ni moja tu, ila kama mwaka wa kwanza alipata moja akaishia hapo, mwakani anahesabiwa upya, mbili.

Kipimo ni mililita 0.5. Zipo chanjo ambazo karatasi yake inataka 0.25 kwa walio chini ya miaka 3, kwa hiyo isomwe karatasi ya boksi hilo, si kumbukumbu ya mchomaji. Mdogo anachomwa pajani upande wa nje, mkubwa begani. Na tafadhali, msikubali bomba moja la mtu mzima ligawanywe kwa watoto wawili ili "kusaidiana gharama". Kipimo kinakosewa, na sindano iliyoingia kwa mtu mmoja haiingii kwa mwingine.

Mfamasia_Mwanjelwa

Nijibu la chanjo na maji.

Inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, basi linatoka kwenye joto la pwani, linapita Mikumi, linapandisha Iringa na Makambako kwenye baridi. Kila mtu anaogopa joto. Kinachoua hizi chanjo kimyakimya ni kuganda. Paketi za barafu zikitolewa friza na kupangwa papo hapo kwenye kasha, bomba la sindano likizigusa linaganda. Utaratibu ni kuziacha nje mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo zipangwe, na boksi la chanjo litengwe nazo kwa kadibodi. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Utasikia mtu anasema "tikisa uone kama ina mashapo". Hicho kipimo ni cha chanjo zenye aluminiamu, kama penta na pepopunda. Influenza ya kawaida haina aluminiamu, utatikisa mpaka jioni na haitakuambia kitu. Wala usitegemee kukuta ile alama ya mraba ndani ya duara iliyo kwenye chupa za chanjo za serikali, inayobadilika rangi kwa joto. Kwa hiyo ushahidi wako ni kumbukumbu za joto tu. Uliza: kasha lilisafiri na kirekodi joto? Naomba kuona. Friji lina kipimajoto ndani? Karatasi ya kuandika joto mara mbili kwa siku ipo mlangoni, na Jumapili imeandikwa? Umeme ukikatika saa sita, mnafanyaje? Chanjo iwe rafu ya kati, si mlangoni wala imegusana na sehemu ya kugandishia. Na ukikuta karatasi ina 5, 5, 5, 5 mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, hiyo imejazwa kwa mkupuo. Aga, ondoka.

Kingine ni msimu. Shirika la Afya Duniani huchagua virusi vya kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia, Septemba kwa ajili ya kusini. Angalia boksi. Ya kusini kwa kawaida huandikwa mwaka mmoja, ya kaskazini miaka miwili yenye mkwaju (/) katikati. Sisi tuko kusini ya ikweta, na kwa baridi ya Juni na Julai ya huku ningetafuta ya kusini, ingawa nchi za tropiki influenza haifuati kalenda kama inavyofanya Afrika Kusini. Ya kaskazini inayouzwa Aprili iko mwishoni mwa maisha yake, nyingi huisha muda katikati ya mwaka. Mtego uko hapo: dozi ya kwanza inakuwa haijaisha muda, ya pili baada ya wiki 4 inakuta boksi limekwisha muda au limekwisha kabisa. Kama mnaagiza kwa watoto wawili, ulizeni bei ya dozi nne na zihifadhiwe kwa jina lenu tangu mwanzo.

Halafu usilipie zaidi kwa sababu tu boksi limeandikwa aina nne za virusi badala ya tatu. Aina moja ya B, inaitwa Yamagata, haijaonekana ikizunguka tangu Machi 2020, na Shirika limeshashauri iondolewe. Tatu zinatosha.

BabaIyunga

Wataalamu mmesema vizuri, ila tuongee hela. Dozi nne, nauli mara mbili, na mwakani tena. Huyo mdogo hana ugonjwa wowote. Mimi ningemwacha, hela hiyo ikaondoe jiko la mkaa chumbani. Mbeya na Makete watu wanaingiza jiko ndani saa mbili usiku, madirisha yamefungwa, mtoto analala kwenye moshi mpaka asubuhi. Halafu tunashangaa vifua.

Tabibu_Nyanda

Kaka, la jiko nakuunga mkono kabisa, na si moshi tu: kaboni monoksaidi haina harufu na inaua familia nzima kwenye chumba kilichofungwa. Jiko liwake nje, ndani liingie joto la blanketi. Moshi huongeza nimonia kwa watoto, chanjo iwepo isiwepo.

Ila "hana ugonjwa wowote" haimtoi mdogo kwenye orodha. Umri wenyewe ni hatari. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wamo kwenye makundi ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziyafikirie, pamoja na wajawazito, wazee, wahudumu wa afya na wenye maradhi ya kudumu. Wanaolazwa zaidi kati ya watoto ni wa chini ya miaka 2, njia zao za hewa ni nyembamba.

Sasa nani aanze? Nitasema ninavyoona. Kama mkubwa pumu yake haijatulia, yaani anakohoa usiku, anavuta pampu ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki, au alilazwa mwaka jana, aanze yeye. Influenza ni kichocheo kibaya cha pumu, na yeye ndiye anayetoka kwenda chekechea na kurudi nayo. Kama pumu yake ni ya mara chache kwa mwaka, ningeanza na wa miezi 14. Lakini kumgawia kila mmoja dozi moja moja ndiyo njia ya kutumia hela yote na kutokamilisha hata mmoja.

Mama, kabla ya yote hayo: kama mkubwa ameandikiwa pampu ya kila siku ya kuzuia, anaitumia kila siku? Wengi wanaiacha kifua kikitulia. Hiyo inamlinda Juni yote kuliko sindano yoyote. Na pampu avute kupitia chombo cha kati, kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama hakipo, chupa ya maji ya nusu lita iliyokauka, tobo la saizi ya mdomo wa pampu chini yake, mtoto anavuta kwenye mdomo wa chupa. Mvuto mmoja wa pampu, pumzi tano sita, ndipo mwingine. Kama kuna mahali wana chanjo ya kupuliza puani, hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto wa umri wake mwenye pumu asipewe. Ya sindano kirusi kimekufa, haiwezi kumpa influenza.

MamaWawili_Uyole

Asanteni sana, mmenifungua macho kwenye boksi. Pumu ya mkubwa usiku inamsumbua, basi ni yeye kwanza, mdogo tukijaliwa kupata zote mbili. Mawili ya mwisho: mdogo akila yai anatoka vipele, nimesikia chanjo hii inatengenezwa kwa mayai. Na aliwahi kupata degedege la homa akiwa na miezi 10.

NesiWaChanjo

Mayai: ni kweli nyingi hukuzwa kwenye mayai ya kuku, ila kinachobaki ni kidogo mno, na siku hizi vipele vya yai si kizuizi. Kizuizi ni mtoto aliyewahi kupata mzio mkali, kuvimba uso au kubanwa pumzi, kwa chanjo ya influenza yenyewe. Achomwe mahali penye adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, akae hapo hapo angalau dakika 15, kwake ningengoja 30.

Degedege la homa halimzuii pia. Hatari kidogo huongezeka kwa walio chini ya miaka 2 wakichomwa influenza siku moja na PCV, na yeye kama kadi inaonyesha PCV amemaliza, hilo halimhusu. Surua-rubela ya pili ni miezi 18. Hata zikiangukia siku moja haina shida, paja tofauti. Homa ikija, huwa siku ya kwanza au ya pili. Usimpe parasetamoli kabla eti ya kuzuia. Ikipanda, syrup ya miligramu 120 kwa mililita 5: mtoto wa kilo 10 hupewa mililita 5, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Pima kwa bomba, si kijiko cha chai. Aspirini hapana, kwa mtoto mwenye influenza inaweza kuharibu ini na ubongo. Asali ya mama mkwe kwenye tangawizi ruksa kwa wote wawili kwa kuwa wamepita mwaka mmoja. Chini ya hapo asali haipewi.

Tabibu_Nyanda

Niongeze moja, maana hata aliyechanjwa anaweza kuugua. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wa hao wawili, 40 na kuendelea ni haraka mno, apelekwe kituo siku hiyo hiyo. Ngozi chini ya mbavu ikibonyea ndani kila anapovuta, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje asubuhi. Na kama mwezi uliopita mlikwenda Kyela au Usangu, waambie hapo mapokezi kabla hawajaita kila homa mafua. Apimwe malaria kwanza.

Mfamasia_Mwanjelwa

Na siku ya sindano, jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe viandikwe kwenye kadi ya kliniki, si kwenye risiti. Zahanati binafsi wengi huandika kwenye daftari lao tu, na mwakani mtu mwingine atakuuliza alipata ngapi.