Mji Mkongwe kwa siku moja na nusu, na bimkubwa anaumwa magoti: tuanzie wapi?

BintiKondoa

Asalaam aleikum wenyeji wa Unguja. Ijumaa ijayo nakuja na mama kutoka Dar kwa boti ya asubuhi. Tutalala Malindi usiku mmoja na Jumamosi jioni tunarudi. Mama ana miaka 68. Pakiwa tambarare anatembea vizuri tu, ila ngazi na kuinama vinamtesa. Anataka kuona Beit el Ajaib (lile Jumba la Maajabu) kwa ndani, kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, Hamamni kwenye bafu za kale, milango ya kuchonga, na kobe wa kisiwa cha Changuu. Tupange vipi? Na je, tukodi mtu wa kututembeza au ramani ya simu inatosha?

Kajificheni_Juu

Waaleikum salaam, karibuni sana. Beit el Ajaib kwa ndani liondoe kwenye hesabu zako. Upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na jengo likafungwa kwa ukarabati, kwa hiyo usimwahidi mama kitu mpaka uulize ukifika. Kwa nje linaonekana vizuri ukiwa Forodhani, na hapo mwende alasiri. Majengo yote ya pwani yale yanatazama magharibi, asubuhi uso wake uko kivulini na picha hutoka nyeusi.

Mpango wangu ungekuwa huu. Boti ikifika saa tatu hivi, mpaka mtoke bandarini na kuweka mizigo ni saa nne. Msianze kwa kutembea. Chukueni teksi izunguke na barabara ya Benjamin Mkapa (wengi bado twaiita Creek Road) iwashushe karibu na kanisa la Mkunazini, kwa sababu gari haziingii vichochoroni na mama asimalize nguvu zake mapema. Kanisani jipeni saa moja na nusu. Mkitoka hapo Hamamni ni dakika chache kwa mguu. Hakikisheni mmemaliza kabla ya saa sita, maana ni Ijumaa: maduka mengi yanafungwa, vichochoro vya karibu na misikiti vinajaa watu, na mwenye ufunguo wa mahali huenda naye kaenda kuswali. Kuleni, mpumzike mpaka saa tisa.

Saa tisa na nusu anzeni Malindi, kwenye ile Zahanati ya Zamani yenye roshani za mbao, mfuate barabara ya Mizingani kuelekea Shangani. Mtapita Mtini (penye ule mti mkubwa), Kasri la masultani, Beit el Ajaib, Forodhani, Ngome Kongwe. Haifiki kilomita moja, yote tambarare, na pa kukaa pamejaa. Ngome ilijengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ndani ni uwanja mpana na maduka, panda minara kama unataka, mama akae kivulini.

Simu: kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, ile alama ya mahali ulipo inaruka kichochoro kizima. Itumie kujua upande tu. Mji huu ni rasi, ukishika njia moja usiiache utatokea ama baharini ama Creek Road. Na unapouliza, taja mtaa (Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, Vuga), majina ya barabara wenyewe wengi hawayatumii.

Fundi_Chokaa

Naongeza kuhusu Mkunazini, kwa ajili ya magoti. Kanisa lenyewe sakafu yake haina shida. Shida ni vile vyumba vya chini vya jengo la pembeni: unashuka ngazi fupi, dari iko chini, mtu mzima lazima ainame muda wote, na hewa ni nzito. Bimkubwa abaki juu kwenye maonyesho, hatakosa kitu. Tena mjue kwamba wapo wanahistoria wenye shaka kama vyumba vile viliwahi kuwekwa watumwa, wanasema jengo lile ni la wamisheni, la baada ya soko kufungwa. Kisicho na ubishi ni kwamba soko lilikuwa pale, na Sultan Barghash alilifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, na ujenzi ukasimamiwa na Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka uliofuata. Nje kuna shimo lenye sanamu 5 za watu waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Hiyo inatazamwa ukiwa umesimama juu, haina ngazi.

Hamamni maji hayapo siku nyingi, msitegemee kuoga. Ni hodhi na vyumba vitupu vya Barghash, nusu saa inatosha. Sakafu ina vipandio vidogo vidogo ambavyo macho yakitoka juani hayavioni, mshike mkono.

Jambo jingine ambalo watembezaji hawalisemi: msiegemee kuta wala kusimama sana chini ya roshani, hasa kama mvua imenyesha. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba: boriti ndiyo ilipoishia. Chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Akija mtu akapiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma kwa ndani, ukuta unavimba na plasta inabanduka bamba zima. Ukiona ukuta una tumbo, pita upande wa pili.

MamaWaHurumzi

Bibie, milango iachie Jumamosi saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi. Wakati ule maduka hayajatundika vitambaa na picha juu ya milango, na pikipiki ni chache. Anzeni nyuma ya Ngome, mpite Hurumzi mpaka Kiponda, mrudi kwa Sokomuhogo. Baraza ziko kila kona za kupumzikia, na Jaws Corner mtapata kahawa na kashata.

Mtazameni mlango kwa utaratibu: miimo pembeni, kizingiti cha juu, na mfaa katikati unaoziba mwanya mbao mbili zikikutana. Mlango wenye mbao zilizogawanywa miraba midogo midogo kama madirisha yanayokunjwa ni wa Kigujarati. Wa Kiarabu wa zamani una kizingiti kilichonyooka, na uchongaji mwingi uko kwenye fremu, mbao zenyewe ni tupu. Vile vyenye tao juu, vimejaa maua na majani, mara nyingi ni vya baadaye, fasheni iliyotoka Uhindini. Chini ya mwimo tafuteni samaki, na pembeni mnyororo ukipanda juu.

Kizingiti kikiwa na maandishi ya Kiarabu, angalieni kama kuna mwaka. Utakuwa wa Hijria. Zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Ukisoma 1300 unapata 1883, mwaka uleule Beit el Ajaib ilipojengwa. Ila kuna milango mipya iliyochongwa kwa mtindo wa kale, na mingine imehamishwa kutoka nyumba nyingine, kwa hiyo tarehe ya mlango si lazima iwe ya nyumba.

Kupiga picha mlango ni ruhusa, aliyekaa barazani muombe kwanza.

BintiKondoa

Shukran sana wote. Mtembezaji je? Na Changuu naona inabanwa.

Kajificheni_Juu

Mtembezaji mchukue kwa Mkunazini na milango tu, pwani hamumhitaji. Papasi (wale wanaovizia wageni) watawadaka getini bandarini, mwambie mmoja "tuna mwenyeji" na usisimame. Anayefaa ana kitambulisho cha leseni na hachukii ukimwomba akionyeshe. Kabla hamjaondoka kubalianeni saa ngapi, bei ni ya kundi zima au kwa kichwa, na tiketi ziko ndani au nje ya bei. Ugomvi wote huanzia kwenye hilo la tiketi. Mkiwa na vitambulisho vya Taifa vitoeni, sehemu nyingi Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje.

Changuu ni kama nusu saa kwa boti. Kobe wale walitoka Shelisheli mwaka 1919, na jela iliyojengwa kule haikupata kufunga wahalifu, iligeuzwa karantini. Tatizo si kule, ni kupanda chombo: boti zinasogea mchangani na abiria huingia majini mpaka magotini, kisha anapandisha mguu ukingoni. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji yakipwa boti husimama mbali zaidi na mwendo wa majini unakuwa mrefu. Muulize nahodha Ijumaa jioni maji yanajaa saa ngapi Jumamosi. Yakijaa kati ya saa tatu na saa tano, nendeni, na umwambie alete ngazi au kiti cha kukanyagia. Yakiwa yamepwa saa hizo, mwacheni mama Forodhani na wewe uende peke yako, au muiache.