Matcha imepanda bei, mbona wakulima wadogo wa chai Japani wanaacha mashamba?

Mnywaji_Kimya
Wakuu salama? Naomba kueleweshwa. Kila nikifungua simu naona matcha, ile chai ya kijani ya unga, imeadimika, bei juu, halafu hapo hapo nasoma kwamba kwenye milima ya mkoa wa Shizuoka kuna mashamba ya chai yametelekezwa, mzee kachoka, watoto wapo Tokyo, michai imegeuka pori. Sasa hawa watu wanakimbia hela au kuna kitu sijakielewa? Na kwanza hao wakulima wadogo ni kina nani hasa?

Mzee_wa_Birika
Mkuu umechanganya madesa. Matcha sio chai yoyote iliyosagwa. Majani yake yanafunikwa kivuli wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa, kiwandani yanapigwa mvuke na kukaushwa kwenye tanuru bila kusokotwa, yanatolewa vishina na mishipa, hapo ndo unapata tencha, na hiyo tencha ndo inasagwa, jiwe moja linatoa kama gramu 40 tu kwa saa. Sasa mzee wa Shizuoka maisha yake yote katengeneza sencha, ile chai ya kijani ya majani yaliyosokotwa, mashine zake ni za kusokota, tanuru hana, na sio kitu cha kukopea ukiwa na miaka 75 halafu hakuna wa kukurithi.

Kapu_la_Majani
Nijibu lile la pili, maana nilisoma Shizuoka na msimu wa shincha, chai mpya ya mchumo wa kwanza, nilikuwa naenda kusaidia familia moja milimani. Ni mume na mke, basi. Ile mashine ya kuchumia kisu chake kimepinda kama upinde, mmoja anashika upande huu wa mstari mwenzake upande ule, wanatembea sambamba, nyuma kuna mfuko mrefu unaburuzwa unajaa majani. Mmoja akiugua kazi imesimama. Sijawahi kuona ndoa inayoshikiliwa na mashine namna ile 😂

Na majani hayasubiri, yakichumwa lazima yapigwe mvuke siku hiyo hiyo yasije yakabadilika rangi, kwa hiyo mchana shambani usiku kiwandani, mwanzoni mwa Mei nyumba nzima hailali. Halafu mashamba mengi yamepandwa aina moja tu, Yabukita, ambayo inakuwa tayari kwa wote karibu siku zile zile, kwa hiyo jirani hata akikupenda vipi hawezi kuja kukusaidia, na yeye anakimbizana na ya kwake. Msimu ukiisha mnadhani wanapumzika? Wapi! Majani ya miti yakianza kupukutika wanapanda mlimani kukata nyasi za kutandaza katikati ya mistari, wanaita chagusaba, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huo 2013, sifa nzuri ila nyasi hazijikati.

Hesabu_Kwanza
Nyie mnazunguka, ishu ni bei. Mkulima mdogo wengi wao hawauzi ile chai unayoiona dukani, wanauza aracha, yaani chai ghafi, kwa tonya, mfanyabiashara wa jumla, ambaye ndo anaichambua, anaipitisha motoni tena, anachanganya na za mashamba mengine na kuweka jina lake. Jina la mkulima linaishia hapo. Hela ipo mchumo wa kwanza, hiyo michumo ya baadae nyingi inaishia kwenye chai za chupa, kwa miaka mingi bei ilikuwa ya kutupa, na huko unakutana na mkoa wa Kagoshima, mashamba tambarare, mtu mmoja anakaa juu ya mashine anamaliza shamba. 2024 Kagoshima imeipita Shizuoka kwa aracha, mara ya kwanza kabisa. Wa mlimani atashindana vipi?

Mnywaji_Kimya
Duh. Kwa hiyo hakuna anayetoboa?

Kapu_la_Majani
Wapo. Nenda Wazuka huko Kyoto utakuta wengine wanauza wenyewe mtandaoni, mfuko umeandikwa aina ya mchai, shamba, hadi lini ulichumwa. Sema hapo mkulima anageuka mpiga picha, mfunga vifurushi na mjibu meseji usiku wa manane. Yule mama wa kule kwangu alikataa katakata, alisema yeye kazi yake ni majani.

Mnywaji_Kimya
Na bado wanalima?

Kapu_la_Majani
Mara ya mwisho tumewasiliana mzee goti lilikuwa linamsumbua. Mistari ya juu kabisa, ile yenye mteremko mkali, walikuwa wameshaiacha.