Tupeane uzoefu: kuchelewesha mchezo kwenye gofu

MtiMkavu: Wakuu, jana mashimo 18 yametuchukua karibu saa 6. Kundi la mbele, watu wazima na akili zao, wameshaputi wote (wameshasukuma mipira yao shimoni), halafu wanasimama palepale kwenye grini, yaani kwenye nyasi fupi zenye shimo, wanajaza kadi ya alama! Kadi si inajazwa mkifika tii inayofuata, pale pa kuanzia shimo lijalo? Nyuma tumepanga foleni. Leteni yaliyowakuta.

MamaPar3: Hapo kwenye kadi umenigusa.

KediWaZamani: Umenikumbusha mbali. Kabla sijaanza kucheza nilikuwa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo wa mchezaji. Siku hiyo bosi wangu kapoteza mpira kwenye majani marefu. Kwa sheria ya sasa, tangu 2019, mwisho wa kutafuta ni dakika 3. Yeye hataki kusikia. Nikamwambia, "Mzee, tuwapishe wa nyuma." Akanijibu, "Wewe beba mfuko." Wa nyuma uvumilivu ukamshinda, akapiga na sisi tuko mbele yake, bila hata kupiga kelele ya onyo ya "foo!" Nilisikia mvumo tu, mpira ukampata kedi mwenzangu nyuma ya sikio. Akakaa chini taratibu, damu inashuka kwenye kola ya ovaroli. Mabosi wakaanza kugombana nani kamchelewesha nani. Makedi ndio tuliombeba hadi zahanati. Sikio lile halisikii vizuri mpaka leo.

Bunka: Duh! Pole yake. Walimtibu?

KediWaZamani: Nauli ya bodaboda, basi.

FimboSaba: Aliyepiga ndiye mkosaji. Hupigi kama watu wako ndani ya umbali wako, hata wakilala hapo.

MtiMkavu: Na aliyekataa kupisha?

FimboSaba: Kuchelewa hakuui. Mpira unaua.

Bunka: Tuseme ukweli, makedi nao wanachangia. Unamweka mbele aangalie mpira unaangukia wapi, yuko kwenye simu.

KediWaZamani: Mkuu, kedi mmoja anapewa mifuko miwili, huyu kapiga kushoto, yule kulia. Akimbilie wapi?

MamaPar3: Ukihisi mpira umepotea, piga mpira wa akiba kabla hujaondoka tii. Na aliye tayari apige, tuache kungojeana kisa fulani ndiye yuko mbali zaidi na shimo.

Mzee_wa_Grini: Wanaoanza wacheze jioni, wasituzibie njia.

MamaPar3: Shikamoo mzee, lakini wanaoanza wanaokota mpira na kusonga. Wazoefu ndio wanaochuchumaa pande nne kupima putti ya futi mbili.

FimboSaba: Dawa ni adhabu. Guan Tianlang, yule kijana wa China, alikuwa na miaka 14 tu, kwenye mashindano makubwa ya Masters ya 2013, akaongezewa pigo moja kwa kuchelewa. Hapa kwetu nani atamwongezea kapteni wa klabu?

Mzee_wa_Grini: Marahaba binti. Ila adhabu italeta ugomvi, bora marshali, msimamizi wa uwanjani, awe anazunguka.

Bunka: KediWaZamani, mwenzako bado yuko mjini? Shemeji yangu ni daktari wa masikio, nitumie ujumbe nikuunganishe naye.