Oili nzito alfajiri ya baridi: mafuta ya taa, dawa ya kuongeza uzito wa oili, au nibadili namba ya oili?

mbao_mafinga
Wakuu, Fuso likilala Makambako msimu huu wa Juni na Julai, alfajiri stata inajivuta. Likiwaka, geji ya presha ya oili inaruka juu kabisa huku tapeti (vyuma vya kusukuma vali) zinagonga. Likipandisha mlima wa Kitonga na saruji, ukisimama juu geji inalala chini. Oili ni SAE 40 ya kawaida (hiyo ndiyo namba ya uzito wake). Kuna anayeshauri nusu lita ya mafuta ya taa, mwingine dawa ya kuongeza uzito. Nifuate lipi?

fundi_dizeli_uyole
Mkuu, yote mawili acha. SAE 40 kwenye nyuzi 100 ina mnato (ugumu wa kutiririka) wa sentistoki 14 hivi. Kwenye nyuzi 40 inakuwa kama 140, na kwenye nyuzi 5 za alfajiri inavuka 1,500. Ni zaidi ya mara mia! Oili inachelewa kufika juu, tapeti zinagonga zikiwa kavu.

Weka 15W-40. Ikiwa ya moto uzito wake ni uleule wa 40, ila kwenye nyuzi 5 ni karibu nusu ya hiyo yako. Ndani ina polima (molekuli ndefu kama nyuzi) ambazo kwenye baridi hujikunja, kwenye joto hujikunjua na kuzuia oili isiwe maji. Hiyo 15 si nyuzi joto, ni daraja la kipimo cha baridi.

Mwaga oili injini ikiwa ya moto, badili filta, jaza kwa kufuata kijiti cha kupimia oili. Asubuhi usikanyage mafuta mpaka geji itulie: oili ikiwa nzito, vali ya filta hufunguka na oili hupita bila kuchujwa.

Mafuta ya taa nusu lita kwenye lita 10 ni asilimia 5. Hiyo 14 inashuka hadi 11 hivi, yaani umegeuza SAE 40 kuwa SAE 30 na unaipeleka Kitonga. Metali za krenki (beringi zake) ndizo zitalipa.

vilainishi_njombe
Naongeza kuhusu geji. Kusoma juu asubuhi hakumaanishi injini inalainishwa vizuri. Ni pampu inasukuma kitu kisichotaka kupita. Wala presha ya pampu, bar 4 au 5, haiongezi mnato kwa kiasi cha kuhesabika. Kwenye meno ya gia ni habari nyingine: pale presha hupita bar 1,000, oili inakuwa nzito mara nyingi kwa sekunde ile, ndiyo maana chuma hakigusi chuma.

Dawa ya kuongeza uzito itapandisha geji ya mchana na kuficha metali zilizolika, na alfajiri itazidisha tatizo. Polima zake nazo hukatika kwenye msuguano.

mbao_mafinga
Asanteni. Na kijiti kuonyesha oili imeongezeka bila mtu kujaza?

fundi_dizeli_uyole
Hapo sasa! Mara nyingi ni dizeli inaingia kwenye oili. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, acha saa kadhaa. Duara jeusi katikati likizungukwa na utepe mpana wa mng'ao mwepesi, ni dizeli. Kagua nozeli (za kupulizia dizeli) na sili za pampu ya dizeli kwanza, kisha ndiyo umwage oili. Ukianza na oili mpya, ndani ya wiki chache itakuwa nyepesi vilevile.